Nikimpa mwingine nafasi ya pili, nimemponza wa kwanza?

"Mwalimu, jambo. Mimi natoka Bukavu, miaka tisa sasa niko hapa Portland, jimbo la Maine, na uraia niliupata mwaka jana. Novemba nikapiga kura yangu ya kwanza. Karatasi ya diwani ilikuwa na viduara vingi kama tiketi ya bahati nasibu: chaguo la 1, la 2, la 3, la 4. Mama mmoja wa kanisani alikuwa ameniambia nijaze la kwanza tu, eti nikijaza la pili ninampunguzia nguvu mtu wangu. Kijana wangu akasema nimjaze mtu mmoja kwenye safu zote ili apate kura nne. Nikafuata ya yule mama. Sasa tunaambiwa Juni kuna uchaguzi mwingine wa vyama, na mimi sina chama. Naruhusiwa? Kaka yangu aliye Goma ananicheka, anasema nchi kubwa hivyo inahesabu kura ya mtu mmoja mara tatu. Nimjibu nini? Na jirani yangu ambaye kesi yake ya hifadhi haijaisha anauliza kama hata hii ya mji haimhusu."

Mama, salamu. Nianze na yule wa kanisani, maana ushauri wake nimeusikia mara nyingi, na kila anayeutoa huutoa kwa nia njema. Amekosea. Kijana wako amekosea zaidi, ingawa kosa lake lisingemdhuru mtu. Kaka yako ndiye mwenye swali zito, hata kama alilitoa kwa kicheko, kwa hiyo yeye nitamjibu kwa urefu.

Ile karatasi usiione kama kura nne. Ione kama maagizo ya mtoto unayemtuma sokoni. Pale Bukavu ungemwambia: leta sambaza, vile visamaki vya ziwani, ukizikosa, leta ndagala, nazo zikikosekana, leta maharage. Mtoto akikuta sambaza, ndagala hata hazitazami, na muuza maharage hajui kama alitajwa. Jioni mnakula mboga moja. Agizo la pili halikuzipunguzia sambaza chochote. Lilikuwepo ili mtoto asirudi na kikapu kitupu.

Sasa tuhesabu. Chukua chama cha kuzikana, kama vile tulivyonavyo karibu kila jumuiya huku ugenini, chenye wanachama 100 wanaochagua mwenyekiti. Wagombea ni Furaha, Bahati na Riziki. Machaguo ya kwanza yanasomwa: Furaha 40, Bahati 35, Riziki 25. Kwa utaratibu wa kawaida, Furaha anashangiliwa hapo hapo, ingawa watu 60 walimtaka mwingine. Kwa utaratibu wa kupanga, yaani huo wa karatasi yako wa kuwapanga wagombea wa kwanza, wa pili, wa tatu, hakuna aliyevuka nusu, basi anatolewa wa mwisho, ambaye ni Riziki. Karatasi zake 25 ndizo zinazotazamwa upya, hizo tu. Kumi na tisa zimemweka Bahati nafasi ya pili, nne zimemweka Furaha, mbili hazikumweka mtu. Bahati anafika 54, Furaha 44, na Bahati ndiye mwenyekiti.

Angalia zile karatasi 40 za Furaha. Hakuna aliyesoma wamemweka nani wa pili, kwa sababu mtu wao hakutolewa. Chaguo la pili halifunguliwi mpaka la kwanza liwe limeshakufa, na lililokufa haliwezi kuponzwa. Hilo mwambie mama wa kanisani polepole, chai ikiwa mezani.

Zile karatasi mbili zilizobaki nje ndizo hali yako ya Novemba, ikiwa mtu wako alitolewa. Hazikuharibika na hazikutupwa. Duru ya kwanza zilihesabiwa kama nyingine zote, ila uamuzi wa mwisho kati ya Furaha na Bahati ulipofika, wenye karatasi hizo walikuwa wamekwisha kwenda nyumbani. Kama mtu wako alifika duru ya mwisho, hukupoteza chochote.

Na kijana? Kumjaza mtu mmoja kwenye safu zote ni sawa na kumwambia mtoto: leta sambaza, ukikosa leta sambaza, ukikosa tena leta sambaza. Mashine inamhesabu mara moja, basi. Kosa la hatari ni lingine: kujaza watu wawili kwenye safu moja. Kwa sheria ya jimbo la Maine, hesabu ikifika kwenye safu hiyo, karatasi inakoma hapo. Ukiruka safu moja, wanasogea kwenye inayofuata. Ukiruka mbili mfululizo, nayo inakoma. Ukiona umekosea kabla hujaiingiza karatasi mashineni, iombe nyingine bila aibu. Nimekaa kwenye meza za vituo, na wanaorudisha karatasi kwa kukosea ni pamoja na wazee waliozaliwa hapa hapa na wenye shahada zao.

Nikueleze mji wako ulifikaje huko, maana historia yenyewe inajibu nusu ya maswali. Tangu 1923 Portland haikuwa na meya anayechaguliwa na wananchi. Baraza lilikuwa likimteua mmoja wao. Novemba 2010 wapiga kura wakabadilisha katiba ya mji: meya achaguliwe na watu, na achaguliwe kwa kupanga. Mwaka uliofuata wakajitokeza wagombea 15. Hebu fikiria watu 15 kwa utaratibu wa kawaida, mtu angeweza kuushika mji kwa sehemu ndogo kabisa ya kura. Alishinda Michael Brennan, ambaye alikuwa mbele tangu duru ya kwanza. Nalitaja hili kwa sababu watu hudhani kupanga kunageuza matokeo kila mara. Mara nyingi aliyetangulia mwanzoni ndiye anayemaliza akiwa mbele.

Siku ile ile ya Novemba 2010, jimbo zima lilikuwa likichagua gavana. Paul LePage alishinda kwa chini ya asilimia 38. Eliot Cutler, mgombea asiye na chama, alikuwa nyuma yake kidogo tu, na mgombea wa Democrats akawa wa tatu. Kwa miaka mingi baadaye, mazungumzo ya siasa Maine hayakumalizika bila mtu kuuliza: ingekuwaje kama waliompigia wa tatu wangepata kusema nani wao wa pili? Swali hilo, kuliko kitabu chochote cha wataalamu, ndilo lililoleta kura ya wananchi ya 2016, ambapo zaidi kidogo ya nusu walikubali jimbo zima lipange.

Hapo ndipo mambo yalipopinda, na ndiyo maana karatasi yako ya Novemba inaweza kukuchanganya. Mwaka 2017 Mahakama ya Juu ya jimbo ilitoa maoni kwamba katiba ya Maine inasema gavana na wabunge wa jimbo wanapatikana kwa wingi wa kura tu, yaani anayeongoza ameshinda, hata kwa asilimia 30. Sheria ya kawaida haiwezi kuipita katiba. Wananchi wakakusanya sahihi, na Juni 2018 wakaiokoa kwa kura sehemu iliyobaki ya sheria ile isifutwe. Matokeo yake ni haya: Juni, kwenye mchujo wa vyama, yaani kila chama kinapochaguliwa mgombea wake, gavana unampanga. Novemba, gavana huyo huyo unamjazia kiduara kimoja tu. Lakini karatasi hiyo hiyo ya Novemba ikifika kwa seneta wa Washington, yaani wa bunge la nchi nzima, mbunge wa huko huko au rais, unapanga tena. Na ukifika kwa diwani, meya na bodi ya shule, Portland unapanga, kwa sababu mji una katiba yake na mwaka 2020 uliamua kupanga, kulikoanza na meya, kuwafikie hao wote. Mtu akikuambia ameelewa mpangilio huu siku ya kwanza, mpe hongera, halafu muulize tena.

Sasa kaka wa Goma. Hoja yake, mwambie, imeshafika mahakamani ikiwa imevaa suti. Novemba 2018, wilaya ya pili ya Maine, mbunge Bruce Poliquin aliongoza duru ya kwanza kwa asilimia 46 na ushee. Jared Golden alimfuata kwa karibu, na wagombea wawili wasio na chama wakagawana iliyobaki. Siku tisa baada ya uchaguzi, karatasi za wale wawili zilipokwisha kuhamishwa huko Augusta, makao makuu ya jimbo, Golden akawa mbele, na hesabu ya mwisho ikampa ushindi wa kura takriban 3,500. Ilikuwa mara ya kwanza kiti cha bunge la Marekani kuamuliwa kwa njia hii. Poliquin akaenda mahakamani akidai, pamoja na mengine, kwamba wapiga kura wa wale wawili wamepewa kura zaidi ya wengine. Jaji Lance Walker alikataa. LePage, gavana wakati huo, alipotia sahihi cheti cha matokeo aliandika pembeni kwamba uchaguzi umeibwa. Golden akaapishwa.

Kwa nini jaji alikataa? Rudi kwenye chama cha kuzikana. Duru ya pili, aliyemtaka Furaha anahesabiwa tena, bado kwa Furaha. Aliyemtaka Riziki anahesabiwa tena, sasa kwa Bahati. Wote wamehesabiwa mara mbili, mmoja amebaki alipokuwa na mwingine amehama. Wakenya wakirudia uchaguzi wa rais kwa sababu hakuna aliyepata nusu na moja, hakuna anayesema aliyempigia mgombea wa tatu amepiga kura mara mbili. Amerudi kituoni kama wengine wote. Tofauti hapa ni kwamba duru ya pili imeandikwa kwenye karatasi ile ile, siku ile ile. Hakuna kulala foleni mara ya pili, hakuna kuchapa karatasi upya, hakuna mwezi mzima wa watu kuviziana.

Kaka yako anatoka kwenye nchi iliyolijua jambo hili vizuri. Katiba ya Congo ya 2006 ilikuwa na duru mbili za urais. Januari 2011 ikabadilishwa ikabaki moja. Mwaka huo huo Joseph Kabila akatangazwa mshindi kwa takriban asilimia 49, na uchaguzi uliofuata, wa 2018, Félix Tshisekedi akatangazwa kwa 38.57. Yaliyozungumzwa kuhusu hesabu za chaguzi hizo tuyaache, hayo yana barua yake. Muulize tu: ungependelea kuulizwa swali la pili, au usiulizwe?

Hata hivyo sitaki umjibu kaka kwa maringo, kwa sababu njia hii ina ubovu wake, na anayeuficha anaharibu kazi.

Ubovu wa kwanza ni zile karatasi zinazoishia njiani. Katika ule uchaguzi wa Golden zilikuwa zaidi ya 8,000. Ukimpima mshindi kwa karatasi zilizobaki duru ya mwisho, amevuka nusu. Ukimpima kwa karatasi zote zilizoingia siku ile, hakuvuka. Watetezi wengi wanasema "mshindi wa zaidi ya nusu" bila kusema nusu ya nini, na wanaposema hivyo mimi hujikuna kichwa.

Ubovu wa pili ni kuchelewa na kuharibu hesabu. New York, mwaka 2021, ofisi ya uchaguzi ilitangaza matokeo ya mchujo wa meya ikiwa imesahau kuondoa karatasi za majaribio 135,000. Ikabidi wayafute. Eric Adams mwishowe alimpita Kathryn Garcia kwa kura 7,197. Oakland, California, mwaka 2022 programu ya kuhesabu ilipangwa vibaya, na mtu ambaye hakushinda kiti cha bodi ya shule akapewa ushindi mpaka kosa likagunduliwa wiki kadhaa baadaye. Makosa hayo ni ya watu, na uchaguzi wa kawaida nao unayo. Lakini kwenye uchaguzi wa kawaida hata mzee asiyejua kompyuta anaweza kujumlisha karatasi za vituo mezani kwake na kuona wapi pameharibika. Hapa karatasi lazima zikutane mahali pamoja ndipo zihesabiwe. Kwa watu waliotoka nchi ambako sanduku la kura likisafiri linafika limenenepa, hilo si jambo dogo.

Ubovu wa tatu ni wa hila zaidi, na ndio unaofanya nisikuambie kwamba kupanga hakuna madhara kabisa. Nilisema chaguo la pili haliwezi kumponza la kwanza. Hilo ni kweli bila masharti. Lakini chaguo la kwanza lenyewe linaweza kukuponza wewe. Alaska, Agosti 2022: Mary Peltola wa Democrats, Sarah Palin na Nick Begich, wote wawili Republicans. Begich alikuwa wa tatu, akatolewa, na sehemu ya karatasi zake ikaenda kwa Peltola, ambaye akashinda na kuwa mwenyeji wa asili wa Alaska wa kwanza kuingia bungeni Washington. Wachunguzi walipozipitia karatasi baadaye, wakakuta kwamba Begich akipambanishwa na Palin peke yake anamshinda, na akipambanishwa na Peltola peke yake anamshinda pia. Aliyekubalika na wengi zaidi alikuwa kipenzi cha wachache, akatoka mapema. Yaani baadhi ya waliompenda Palin kuliko wote na kumwogopa Peltola kuliko wote wangefanya vizuri zaidi kumweka Begich wa kwanza. Kisa kama hicho kilikuwa kimetokea Burlington, Vermont, mwaka 2009 kwenye umeya, na mwaka uliofuata mji ukaufuta utaratibu huo kabisa, kisha mwaka 2021 ukaurudisha kwa madiwani.

Hali hiyo hutokea mara chache, na huwezi kuijua mapema ukiwa na karatasi mkononi. Ushauri wangu haubadiliki: panga kwa moyo wako. Ila mtu akikuambia njia hii imemaliza ujanja wote wa kura, jua amekuuzia mbuzi kwenye gunia.

Kuna jambo moja la Portland nalipenda sana. Novemba 2021, kiti kimoja cha diwani wa mji mzima, Brandon Mazer na Roberto Rodriguez walifika duru ya mwisho wakiwa na kura 8,529 kila mmoja. Sawa kabisa. Sheria ikasema jina litolewe kwenye bakuli. Wakatoka nje ya ofisi ya mji mchana kweupe, majina mawili yakatiwa kwenye bakuli la mbao, likatoka la Mazer. Sisi tunaosema Kiswahili tunapaswa kutabasamu hapo, maana neno letu kura, tulilolitoa kwa Waarabu, mwanzo wake ni huo huo: kijiti au kipande kinachotolewa ili bahati iamue. Siku ile Portland walipiga kura kwa maana zote mbili. Rodriguez akaomba karatasi zihesabiwe upya kwa mkono, na hesabu ilipokwisha akawa mbele kwa kura 35. Kiti kikawa chake. Kila nikisikia mtu akisema karatasi yake moja ya pili au ya tatu haina kazi, namtajia bakuli lile.

Sasa Juni. Neno lenyewe linatusumbua: Wakenya wanasema mchujo wa chama, sisi Tanzania tunasema kura za maoni, na kura ya maoni ni pia ile ya kuamua jambo la katiba. Nitasema mchujo. Na kwanza toa hofu moja: uchaguzi wa mji wa Portland hauna mchujo wala vyama kwenye karatasi. Wagombea wote wanakwenda moja kwa moja Novemba, na kule kupanga ndiko kunakofanya kazi ya kuchuja. Mchujo wa Juni ni wa viti vya jimbo na vya Washington.

Huo mchujo, kwa miaka mingi Maine ulikuwa wa wenye vyama tu. Asiye na chama alisubiri Novemba apewe majina yaliyokwisha kuchaguliwa na wengine. Tangu 2024 sheria imebadilika: asiyejiandikisha na chama chochote anaruhusiwa kuomba karatasi ya chama kimoja anachokitaka, apige kura, atoke bila kuwa mwanachama. Mchujo wa urais wa Machi 2024 ndio uliofungua mlango huo. Kwa hiyo ndiyo, mama, unaruhusiwa, ila utachukua karatasi moja, si zote. Aliyejiandikisha na chama anabaki kwenye karatasi ya chama chake. Novemba, ulichochukua Juni hakikufungi, mpigie umtakaye.

Nikisema ukweli wangu, mlango huu una uzito kuliko watu wanavyodhani, na mahali pengi una uzito kuliko kupanga kwenyewe. Wilaya nyingi za Marekani zimelalia chama kimoja, kwa hiyo anayeshinda mchujo ndiye mbunge, na Novemba inakuwa sherehe tu. Kwetu Tanzania tunalijua hilo bila kufundishwa. Ziko sehemu ambazo jasho lote linamwagika kwenye kura za maoni za chama, na hata huko vikao vya juu vinaweza kuliondoa jina la aliyeongoza. Hapa vikao havina mamlaka hayo, anayeongoza mchujo ndiye jina. Basi anayefungiwa nje ya mchujo amefungiwa nje ya uchaguzi wenyewe.

Ila kufungua mlango bila kupanga kuna mitego yake. California inawaweka wagombea wote wa vyama vyote kwenye mchujo mmoja, na wawili wa juu wanakwenda Novemba. Mwaka 2012, katika wilaya ya 31, ambayo wafuasi wa Democrats walikuwa wengi, Democrats wanne waligawana kura zao, wakapita Republicans wawili. Wengi wa wilaya ile wakafika Novemba bila mtu wao. Alaska walijaribu kuunganisha mambo yote mawili: mchujo mmoja wa wazi unaopitisha wanne, kisha Novemba watu wanawapanga hao wanne. Naona ndio mpangilio ulio kamili zaidi kati ya yote niliyoyataja, hata pamoja na kile kisa cha Begich. Alaska wenyewe hawajakubaliana nami sana: mwaka 2024 walipiga kura ya kuufuta, ukaokoka kwa tofauti ya kura chini ya 800 katika jimbo zima. Novemba hiyo hiyo Colorado, Idaho, Nevada na Oregon walikataa mabadiliko ya aina hii, na Missouri ikayapiga marufuku kwenye katiba yake. Ni mji mkuu, Washington, D.C., uliokubali. Kwa hiyo usidhani Maine imepanda basi ambalo nchi nzima inalikimbilia.

New York iko kinyume na Alaska. Kupanga wanapanga, lakini kwenye mchujo na chaguzi za kujaza nafasi, si Novemba, na mchujo wenyewe umefungwa kwa wenye chama. Mwaka 2025, Zohran Mamdani, kijana aliyezaliwa Kampala, aliingia mchujo wa Democrats wa umeya pamoja na wengi wengine. Yeye na Brad Lander wakawaambia wafuasi wao: mkinipanga mimi wa kwanza, mwenzangu mwekeni wa pili. Fikiria wagombea wawili wa kiti kimoja wanapigiana debe. Mamdani akamaliza duru ya mwisho akiwa na asilimia 56 dhidi ya Andrew Cuomo. Ndiyo faida ya kupanga ninayoiona mitaani kuliko vitabuni. Mgombea anayeomba nafasi ya pili kwa wafuasi wa mwenzake hawezi kumtukana mwenzake asubuhi na kubisha hodi kwao jioni. Hata mlangoni kwako, mama, mgombea ambaye unajua humtaki wa kwanza bado ana sababu ya kukusalimia. Ukimwona amesimama, muulize kuhusu kodi ya nyumba, hana pa kukimbilia.

Mambo mawili ya kituoni. Kama Kiingereza cha karatasi kinakushinda kusoma, sheria ya nchi inakuruhusu kuingia na mtu unayemwamini akusaidie, awe kijana wako au jirani, mradi tu si mwajiri wako wala mwakilishi wa chama chako cha wafanyakazi. Mwambie kijana asome, asiamue. Na usimpe nafasi mtu usiyemtaka kabisa, hata ya mwisho. Safu kuachwa wazi mwishoni si kosa. Kati ya wagombea wanne, ukiwaona wawili unaweza kuishi nao, panga hao wawili, funga kalamu.

Jirani yako nimemweka mwisho kwa sababu jibu lake halinifurahishi. Siku ile ile ya Novemba 2010 Portland ilipoamua kumchagua meya wake, iliulizwa pia kama wahamiaji wenye kibali ambao si raia wapige kura za mji. Ilikataa, kwa tofauti ndogo. Kwa hiyo hapana, hata hii ya mji haimhusu mpaka ale kiapo. Anaweza kuhudhuria vikao vya baraza na kusema, anaweza kuwaleta majirani kituoni. Kupiga kura au kujiandikisha hawezi, na akifanya hivyo hata kwa kutojua, inaweza kuharibu kesi yake ya hifadhi na uraia wa kesho. Akienda kwenye ofisi ya leseni na kuulizwa kama anataka kuandikishwa kuwa mpiga kura, ajibu hapana, na karatasi ambayo hajaielewa asiitie sahihi mpaka asomewe.